Turubai la Jirani Limeniharibia Rangi ya Sebule

Mpendwa Mshauri Belen wa redio ya asubuhi,

Naomba msaada, na jina langu ulisome lote, Fermina Gallego wa hapa Molo kisiwani, simwogopi mtu, na mwandiko ukiwa mbaya vumilia, maana shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuuza samaki wakavu, na watoto sita nimewalea kwa samaki hao hao, hakuna aliyelala njaa.

Mimi ni mjane na nyumba yangu naiuza, kwa sababu binti yangu wa Manila amesema mama njoo ukae nasi, mtu mzima hakai peke yake, na mnunuzi amepatikana, binti wa kwetu ambaye ni muuguzi Uarabuni, kuja kuiona hawezi, ataamua kwa picha, basi akaja mjukuu wangu Rhodalyn, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, kutwa yuko kwenye kompyuta anasafisha picha za nyumba za Wazungu ambao hata kizingiti chao hajakikanyaga. Sasa sikiliza uovu. Siku tuliyopanga kupiga picha, jirani yangu Mzee Abundio, mgane, mfuga majogoo ya kupigana, akatundika uani kwake turubai la kampeni la uchaguzi uliopita, kijani kikali, lina sura ya mgombea udiwani aliyeshindwa, karibu kabisa na dirisha langu, na jua lilipolipiga, kuta zangu nyeupe, dari, hata Bikira Maria wangu wa mezani, vyote vikawa kijani kama mtu anayetaka kutapika ndani ya meli.

Rhodalyn akaniambia, "Bibi, hii ni rangi mdoezi, imeingia na mwanga bila kualikwa. Usijali, nitaitoa kwenye kompyuta."

Akaitoa. Kuta zikawa nyeupe kweli, lakini sakafu yangu nyekundu, Mshauri, sakafu ninayoisugua kwa nta na kumbi la nazi kila Jumamosi mpaka ukiinama unajiona meno, ikatoka zambarau. Nikamwambia hiyo si sakafu, hayo ni maini. Akasema, "Bibi, ukikitoa kijani kwenye picha nzima, hata pale ambapo hakikuwepo panaumia." Muuguzi alipotumiwa zile za kijani akauliza kama ukutani kuna ukungu, alipotumiwa zile zilizosafishwa akauliza sakafu imepatwa na nini.

Nikaenda kwenye ua wa mianzi. "Abundio! Lishushe hilo lidiwani lako!"

"Majogoo yanataka kivuli, Fermina."

"Majogoo gani? Yote yako juani, yamefumba macho kama yanasali!"

"Hayo yanaota jua. Kivuli ni cha baadaye."

"Baadaye lini, yakishakuwa supu?"

"Na wewe Manila unakimbilia nini? Huko watu wanafunga milango mchana."

Uliona wapi mtu mzima anajibu hivyo? Tuliporudi mara ya pili na kamera, kijani kimeshuka kweli, kumbe amepandisha la mama mgombea mwingine, waridi tupu, na muuguzi wa watu akaandika kwa adabu zote, "Samahani mama, nyumba hii zamani ilikuwa baa?" Baa! Mimi niliyeimba kwaya ya parokia mpaka sauti ikaniisha! Mara ya tatu ikawa rangi ya machungwa, sebule ikafanana na jiko linalowaka. Na kiburi gani hicho, kila Ijumaa bado ananirushia juu ya ua makumbi ya kusugulia sakafu, nazi kazifua mwenyewe, na juzi kaweka mayai mlangoni kwangu, nadhani ni hongo, mayai nimekula lakini hongo nimeikataa.

Muuguzi amesema picha nzuri zisipofika mwezi huu atanunua nyumba ya watu wengine. Niambie, nimshtaki ofisi ya mtaa, au nichukue panga nikakate kamba mwenyewe? Rhodalyn anasema tusubiri. Mimi kusubiri sijui.

Ni mimi,
Fermina Gallego

*

Bi Fermina,

Pole, na uniwie radhi, barua yako nimeisoma huku nacheka mpaka fundi mitambo ameniletea maji. Sasa tulia, ni zamu yangu.

Ofisi ya mtaa usiende, watakuzungusha mpaka Krismasi. Panga rudisha jikoni. Shida ya picha ni ndogo mno. Jumapili hakuna mfuga majogoo anayebaki nyumbani, Mzee Abundio atakuwa kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo tangu asubuhi akipiga kelele na wenzake. Mwambie Rhodalyn avuke, afungue kamba, amkunje diwani. Zima taa zote za ndani, maana taa ya manjano nayo ni mdoezi vile vile, fungua madirisha mwanga wa nje uingie peke yake. Kisha aweke karatasi nyeupe katikati ya sebule, apige picha moja nayo, ili kompyuta ioneshwe nyeupe ya kweli ni ipi badala ya kubahatisha. Jioni muuguzi ana picha zake, na nyumba imekwenda.

Ni hivyo tu. Sasa nijibu wewe, uliyelea watoto sita kwa samaki wakavu: hili hukuliona? Umepiga picha mara tatu, na mara zote tatu umechagua siku ambayo Abundio yuko uani. Kwani kalenda yako haina Jumapili? Unamtukana mzee wa watu kwamba anazuia mauzo, na wewe ndiye unayemshikia ngazi!

Na hongo, hongo gani? Mtu anayefurahi unahama hakufulii nazi. Mayai uliyakula, mama, basi acha kujifanya huna habari.

Fanya hivi. Leo, kabla hujapika, mpigie binti yako. Kama moyo uko Manila, Jumapili piga picha, uza, nenda, na usichungulie nyuma. Kama hauko, mwambie binti yako, "Mwanangu, asante, siji," hatakufa. Na muuguzi mwambie leo hii hii akatafute kwingine. Yule mtoto anakesha wodini ugenini akiota pa kurudi, si haki kumzungusha kwa sababu wewe na jirani yako mmeshindwa kusemezana.

Nawe Mzee Abundio, najua unanisikia, wenye majogoo mnaamka na redio. Umepanda na kushuka ngazi kwa uzee huo, umetundika wanasiasa watatu mbele ya dirisha la mwanamke, wakati ulichotakiwa kusema ni maneno mawili. Shusha turubai. Vaa shati lenye vifungo vyote. Zunguka mlango wa mbele, piga hodi, useme, "Fermina, usiende." Akikutukana usiondoke, ndivyo anavyokaribisha.