Maelezo kuhusu kompyuta ya kwaya na kifo cha Priscille Kapya

KITUO CHA POLISI, NCHELENGE
Tarehe: 17 Agosti 1999, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi
Jina la shahidi: Zéphirin Mulunda
Umri: miaka 31
Kazi: mchuuzi wa samaki wakavu, pia fundi wa redio
Makazi: Kashikishi, upande wa ufukoni. Mzaliwa wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa
Shahidi amesoma sekondari. Ameomba kuandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, mbele ya Sajini Ngosa.

Sajini Ngosa amenieleza kwamba silazimiki kusema jambo lolote la kujitia hatiani. Nimeelewa. Ninasema hata hivyo, kwa sababu Mama Eneless Chola amekaa kwenye benchi la hapo nje tangu jana akiwa na blanketi moja, na hakuna kosa alilofanya.

Tarehe ninazotaja ni sahihi. Nina mazoea ya kuandika mambo ya kila siku.

Mimi ni mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya Wakongo, inayoongozwa na Bwana Michée. Tulikuwa tukirekodi nyimbo zetu kwa redio ya kaseti. Kila tulipoinakili kaseti sauti ilififia, hata mnunuzi akawa anasikia upepo wa ziwa kuliko kwaya. Mwezi wa Mei niliwaambia wenzangu kwamba ninaweza kuunda kompyuta ya kurekodi muziki. Sikuwa nimewahi kuunda hata moja. Nilikuwa nimesoma kitabu, na nimewahi kuona moja ikifunguliwa Lubumbashi. Waliniamini.

Sanduku na skrini vilitoka Mansa. Ubao mkuu na prosesa vilivuka ziwa kutoka Kilwa ndani ya ndoo ya mchele, ili visigongwe wala kulowa. Kadi ya sauti aliniletea dereva wa lori kutoka Ndola. Nilivifunga pamoja polepole, skrubu kwa skrubu, na mnamo tarehe 24 Julai kompyuta iliwaka. Priscille alikuwepo. Ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo zetu, umri wake miaka ishirini. Aliimba neno moja kwenye mikrofoni, akaona mstari wa kijani ukipanda na kushuka kwenye skrini.

Akaniuliza, akiniita yaya, yaani kaka, "Yaya, ile ni miye?"

Nikamjibu kwamba ni yeye. Akacheka, na kicheko nacho kikachorwa.

Shida iliyobaki ilikuwa kelele. Nilikodi kwa Mama Eneless nyumba yake ya vyumba viwili iliyo karibu na maji. Chumba cha mbele nilikaa mimi na kompyuta, kwa kuwa feni yake inavuma. Chumba cha nyuma ni stoo yake ya samaki, na humo niliweka mikrofoni. Nyuma ya stoo kuna kibanda chake cha kukaushia samaki kwa moshi. Ukuta ulio kati ya stoo na kibanda una matundu mawili chini. Watu wa huku huyaacha makusudi, ili moshi uingie stoo na wadudu wasile samaki. Mimi ni mchuuzi wa samaki. Matundu hayo ninayajua tangu utoto.

Pale ufukoni hakuna umeme, kwa hiyo tulitumia jenereta. Kwanza niliiweka nje. Ikasikika katika kila wimbo. Nikaisogeza mbali, waya haukutosha. Mnamo tarehe 12 Agosti niliiingiza ndani ya kibanda cha moshi, nikafunga mlango wake na kuziba nafasi za juu kwa magunia yaliyoloweshwa. Ndani ya stoo niliziba pengo lote lililo kati ya ukuta na bati kwa nyavu kuukuu, na kwenye matundu yale mawili niliegemeza godoro jipya. Nilisikiliza. Kimya kabisa. Nilifurahi sana, nikamwita Bwana Michée aje asikie.

Sikufikiri kwamba godoro linazuia sauti tu, na moshi wa jenereta unapita. Stoo ile ilikuwa inanuka moshi kabla hatujafika, na nguo zetu sote zinanuka moshi. Hakuna mtu wa ufuko huu anayetoka nje kwa sababu amesikia harufu ya moshi. Tunalala karibu nao.

Siku hiyohiyo Mama Eneless alikuja kutugombeza. Tulikuwa watu saba uani.

Alisema, akitanguliza "ba" ya heshima, "Imwe, ninyi ba Zéphirin! Samaki yangu itanuka petroli, nani atakula? Na vile munajifungia mule, mutakauka kama samaki yangu!"

Priscille akamjibu, "Sasa mama, mutatuuzisha kilo ngapi?"

Mama Eneless akamwambia, "Weye uko mwembamba, utakuwa wa kuongezea tu." Wakacheka wote wawili, na sisi pia. Kisha akatuachia sahani ya mihogo.

Jumamosi tarehe 14 Agosti, saa nane mchana, kwaya nzima iliimba stoo. Mlango ulikuwa unafunguliwa kila mara, kwa kuwa watu walikuwa wengi na joto kali. Saa tisa na nusu wenzangu waliondoka. Nilimwomba Priscille abaki. Kompyuta ile inaweza kurekodi sauti ya mtu juu ya sauti yake mwenyewe, na mimi nilitaka aimbe sauti ya pili peke yake. Yeye hakuomba. Ni mimi niliyetaka.

Alivaa spika za masikioni, nikafunga mlango. Aliimba mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia arudie. Kabla ya mara ya tatu aliniita kupitia mikrofoni.

Alisema, "Yaya, kichwa iko inaniluma sana. Nifungue mulango kidogo?"

Nilifungua mlango kiasi cha kupitisha uso wangu, nikamjibu, "Hapana, moteri itaingia mu wimbo. Tumalize kwanza. Mara moja tu."

Akasema, "Aya, mara moja tu." Nikaufunga.

Mara ile ya tatu aliimba vizuri kuliko zote. Mwishoni nilisikia kitu kikigonga. Nilidhani amegonga nguzo ya mikrofoni, na nilikasirika kwa sababu ungekuwa mwisho mzuri. Sikwenda kumwona. Nilirudisha wimbo mwanzo nikausikiliza wote, kisha nikausikiliza tena, nikikata ule mshindo. Nilikuwa ninasikia sauti yake masikioni mwangu, hivyo haikunijia kwamba yuko kimya.

Nilipofungua mlango alikuwa amelala kifudifudi karibu na godoro. Nilimbeba hadi nje. Nilimwita, nikammwagia maji. Watu walimkimbiza hospitali kwa baiskeli, mimi nikisukuma nyuma. Tulipofika alikuwa amekwisha kufa.

Nilirudi usiku kuzima jenereta, nayo ilikuwa imejizima kwa kuishiwa petroli. Nilivuta godoro. Upande wa ukutani lilikuwa na duara mbili nyeusi, kila moja mbele ya tundu lake. Hapo ndipo nilipoelewa. Niligeuza godoro, weusi ukaelekea ukutani kama mwanzo, nikaenda msibani.

Jumapili tarehe 15, pale msibani, Guylain, kaka yake Priscille, alisema kwamba dada yake hakuwa mgonjwa, hakuwa na jeraha, na mtu hafi bure. Mtu mmoja akakumbusha maneno ya Mama Eneless. Bwana Michée akanigeukia mbele ya wote.

Aliniuliza, "Zéphirin, weye ulikuwa pale. Ni kweli ule mama alisema watakauka mule?"

Nilijibu, "Ni kweli, alisema."

Sikusema kwamba alicheka. Sikusema kwamba Priscille alimtania, wala kwamba tulikula mihogo yake. Nilijibu kile nilichoulizwa, nikainamisha kichwa, nao walidhani ninalia kwa uchungu tu. Guylain alinishika bega akaniambia, "Asante, ndugu yangu."

Jumatatu alfajiri, baada ya mazishi kupangwa, vijana walikwenda kwa Mama Eneless. Waling'oa bati, wakavunja vyungu vyake, wakamwita mchawi. Nilikuwa nimesimama barabarani. Aliniona, akaniita, "Ba Zéphirin, baambie!" Sikufungua mdomo. Polisi ndio waliomwondoa.

Jana jioni niliwasha kompyuta nikitaka kufuta wimbo ule, pamoja na maneno yetu yaliyoutangulia. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nikaizima, nikaifunga kwenye shuka, na leo nimeileta hapa kwa toroli pamoja na godoro. Kipande kile nilichokikata, cha mshindo, sikukitupa. Kimo ndani pia.

Namwomba Sajini amwite Guylain na Bwana Michée, wasikie kwa masikio yao, mimi nikiwa nimesimama mbele yao. Na kabla yao naomba Mama Eneless asikie, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniita nami sikuitika.

Nimeandika niliyoyatenda na niliyoyanyamazia, bila kulazimishwa na mtu. Nimeyasoma tena, ni ya kweli.

Sahihi: Z. Mulunda

Maelezo ya afisa: Yameandikwa mbele yangu na kumalizika saa tano kasorobo. Godoro limepokelewa, duara mbili nyeusi zinaonekana. Kompyuta imewashwa ofisini na shahidi mwenyewe. Nimesikiliza nikiwa pamoja na Bi. Eneless Chola, Guylain Kapya na Michée, kiongozi wa kwaya. Sauti ya mwanamke inaomba mlango ufunguliwe, sauti ya mwanamume inakataa, kisha wimbo mmoja mzima. Guylain Kapya aliomba urudiwe, Bi. Chola alimshika mkono, akabaki ameushika hadi mwisho. Bi. Chola hana shtaka, na ameruhusiwa kuondoka. Shahidi amebaki kituoni. Kelele ya jenereta haisikiki popote.

Sajini L. Ngosa