Simu ya Redio Uliyomletea Baba

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kidevu,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. Hujambo? Wifi hajambo? Na wale pacha wameacha kung'atana? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimepona, au bado unajitibu mwenyewe kwa kukaa kimya? Sisi huku tu wazima kwa kiasi, na hicho kiasi nitakieleza, usiniharakishe. Nimeona niandike badala ya kupiga, kwa sababu ukuta kati yangu na Baba ni wa mbao. Masikio yake ni mazito, lakini akitajwa yeye husikia vizuri kabisa.

Uliniuliza simu ikoje, ili ikiwa nzuri umnunulie na mama mkwe wako. Wacha niipe haki yake kwanza. Chaji inakaa siku tano na redio inanguruma kutwa. Namba zake ni kubwa kama vifungo vya koti, Baba anaziona bila miwani. Pembeni ina kitufe, ukikibonyeza tu redio inaitikia, huna haja ya kupekua popote. Inakamata hata ile stesheni ya mbali ambayo redio ya zamani ilikuwa inaikoromea tu. Fundi simu wa hapo kona aliigeuzageuza akasema hii si simu, ni redio iliyofundishwa kupiga simu. Tochi yake ni hafifu na kioo kimeshapata mkwaruzo, lakini kwa bei ile nani atalalamika?

Shida haikuanzia kwenye simu, ilianzia kwangu. Unaikumbuka redio ya zamani, ile ya juu ya kabati. Miaka thelathini ya kinu cha unga ilimmaliza Baba masikio, kwa hiyo mtaa mzima ulipata taarifa ya habari utake usitake. Nilikuwa nikimpima mteja kiuno huku Baba anabishana na msomaji upande wa pili. "Muongo wewe!" anamwambia, na msomaji anaendelea zake. Kichwa kiliniuma kila siku. Simu ilipofika na zile nyaya za masikioni, mimi ndiye niliyemvalisha kwa mikono yangu. Nikamwambia Baba, sikiliza kwa raha zako. Nikashona kwa amani siku mbili tatu.

Baada ya hapo nikaanza kukosa raha. Kumbe ile kelele ndiyo iliyokuwa inanipa habari zake. Ikipanda, ni mpira. Ikishuka, amelala. Ikiendelea kwenye matangazo ya biashara, ambayo hayataki kabisa, basi kuna jambo, na nilikuwa naenda kuchungulia. Sasa ni kimya tu. Nikawa nasimamisha cherehani kila nikimaliza mshono, natega sikio ukutani. Shemeji yako ananicheka, eti nimekuwa mlinzi wa benki. Acha acheke.

Jumanne iliyopita nilikuwa na sketi kumi na nne za shule, zinatakiwa kesho yake. Siku hiyo sikusimamisha cherehani. Saa kumi nikampelekea chai, nikamkuta sakafuni kati ya kitanda na kigoda, mguu umejikunja chini yake, nyaya masikioni, mpira unaendelea. Alianguka kipindi cha kwanza hata hakijaisha. Anasema aliita, lakini nani angemsikia na mashine ile? Chai yote niliimwaga.

Usishtuke. Mfupa haukuvunjika, ni msuli wa nyonga tu, na amepewa fimbo ya kutembelea. Daktari alipomuuliza anaumia wapi, alimjibu kwamba tumefungwa mbili bila. Watu walicheka pale, mimi sikuweza. Tangu siku hiyo silali vizuri, na usiniambie nisijilaumu.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Pale hospitali, nikimsubiri kwenye benchi, nilichukua simu yake nimpigie shemeji yako. Nikaikuta namba yako. Ilipigwa mara tatu mchana ule ule, moja baada ya nyingine. Ukishikilia namba mbili inakupigia wewe, ulivyoipanga mwenyewe kabla ya kuituma. Najua ulikuwa kazini, simu umeifungia kabatini na nguo zako. Ulipopiga jioni ukauliza Baba alikuwa anataka nini, nilikwambia kidole kiliteleza. Nilikudanganya, nisamehe. Yeye ndiye aliyeniomba nisikwambie, anaogopa utaacha kazi ukimbilie huku.

Nilitaka kuibadilisha ile mbili iwe yangu, maana mimi niko hatua sita tu kutoka kitandani kwake. Alininyang'anya simu. Nikamfokea, Mungu anisamehe. Nikamuuliza alikuwa na akili gani kumpigia mtu aliye mbali huko, na mimi nipo nyuma ya ukuta. Akanijibu taratibu, hata hakukasirika.

"Wewe mwanangu nilijua utakuja tu. Yule nilidhani sitamsikia tena."

Nilimpangia mto, nikatoka.

Basi mnunulie mama mkwe, simu ni nzuri, ila nyaya zitoe kwenye boksi kabla hujamkabidhi. Za Baba nimezifungia kwenye droo ya vifungo. Redio inanguruma, kichwa kinaniuma, na nimefurahi.

Msalimie sana wifi. Wabusu pacha, mmoja mmoja, wasigombane. Shangazi ukimwona mwambie gauni lake liko tayari, limebaki pindo. Mungu akufunike huko uliko, akupe afya na wasimamizi wenye huruma.

Na huyo msimamizi wako muombe ruhusa ukae na simu mfukoni. Namba mbili bado ni yako. Ikiita, mdogo wangu, pokea. Hata kama huwezi kuzungumza, pokea asikie unavyopumua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea,
Dada Sindano