Njia ya Baiskeli Ndani ya Depo ya Kahawa

Mujukuu wangu Espérance,

Hapa Kisangani tuko wazima, na tantine wako, yaani shangazi yako, amepata mtoto msichana. Umeuliza baiskeli zitapita wapi wakijenga maduka kwenye depo ya zamani ya kahawa.

Ujanani nilikuwa mtu wa toleka, nikibeba abiria kwa baiskeli. Siku moja mvua iliharibu barabara, na mama niliyembeba akashikwa na uchungu. Nikagonga geti la depo: "Papa, fungula, mama iko na uchungu!" Mlinzi akafungua, tukakatiza ndani hadi maternité, hospitali ya uzazi iliyo upande wa pili, mtoto akazaliwa salama.

Tangu hapo geti likabaki wazi mchana, na baiskeli zote zikapita humo. Nilimuuliza mlinzi sababu. "Nikifunga, najiuliza nani iko inje."

Sasa mafundi wanajenga ukuta, lakini wameacha pengo pale geti lilipokuwa. Niliwauliza ni la nini, nao hawajui. Kesho nitapita hapo na baiskeli, nione kama inapita.

Koko wako