Uzi wa Mafundo Saba

Babu yangu mshonaji,

Nakuandikia ilhali najua karatasi hukuzipenda. Nivumilie. Kesho baada ya alasiri atakuja mgeni kutoka India, kutoka mji ulikozaliwa, na kabla sijamfungulia mlango nataka tuelewane mimi na wewe.

Juzi alikuja mara ya kwanza, hapa kwangu Bawshar. Mwalimu, mpole, kaleta boksi la tende kana kwamba Oman hatuna tende. Akasema mjini kwenu wanajenga skuli, na ukutani watatundika picha za vijana waliopigana na Waingereza. Saba walinyongwa. Wa nane ni wewe, uliyeponyoka ukapanda meli mpaka Unguja. Kaka yangu anayenifuata kuzaliwa, muuza magari wa Wattaya, alishaanza kutafuta picha yako nzuri. Mimi nilikuwa nakitazama kikombe cha mgeni. Kahawa ilipoa na hakuigusa.

Mwisho akalitoa lililomleta. Mmoja wa wale saba ni babu yake. Walikamatwa wote asubuhi moja, isipokuwa wewe. Akatuonyesha kwenye simu picha ya karatasi iliyokutwa katika mafaili ya polisi wa zamani: majina saba, yameandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Akauliza kama tuna chochote alichokiandika marehemu. Nikamwambia hatuna. Akaniachia ile picha kwenye simu yangu, akaaga.

Kaka alinirukia. "Wallahi we nawe! Mtu kaja kumtukuza babu yetu, we wamtilia shaka?"

"Nnamjua mtu anayepima," nikamwambia. "Yule kaja kupima."

Kupima nilijifunza kwako, Babu. Nikitoka skuli nilikaa chini ya meza yako ya kukatia, kwenye kile kiduka cha Ruwi ulichofungua mlipotoka Unguja kuja Oman. Washonaji wenzako walikuwa na daftari. Wewe hukuandika kitu. Kila mteja ulimkatia uzi, ukafunga fundo la bega, fundo la mkono, fundo la kimo, ukautundika msumarini. Jina lake uliliweka kichwani. Ndiyo maana yule jamaa mnene alitoka na kanzu ya shemeji yake, imembana hata kukaa hawezi, na Bibi akacheka wiki nzima. "Andika, mume wangu, andika!" akakwambia. Ukamjibu, "Karatasi ina mdomo." Sote tukaona huo ni ujanja wa mpiganaji wa zamani, tukajivunia.

Kwenye msumari wa mwisho palikuwa na uzi mmoja mweusi, umepauka, una mafundo saba yaliyokaribiana. Hakuna mwili wenye vipimo hivyo. Nilikuuliza ni wa nani. "Nguo zao hazijaisha," ukasema, ukaendelea kukanyaga cherehani.

Siku nyingine Bibi alitania mbele ya wateja, "Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa nguo ndo huyu mume wangu!" Uliweka mkasi chini ukatoka nje. Maskini Bibi alidhani kakuvunjia heshima, akakupikia biriani.

Sasa nikuungamie. Mgeni nilimdanganya. Kuna kitu kimoja ulichokiandika. Nilipozaliwa, Bibi alikuletea msahafu wa nyumbani, ule ambao ndani ya jalada huandikwa watoto wote wa ukoo. "Mjukuu wa kwanza," akakwambia, "lazima aandikwe na babu yake." Ukaandika. Alipozaliwa kaka ulikataa katakata, Bibi akaandika mwenyewe.

Leo asubuhi nimeuweka msahafu kando ya simu. Jina langu, na majina yale saba. Herufi ya mwisho ina mkia unaorudi nyuma chini ya jina zima. Mkia ule ule. Ni mkono wako, Babu.

Uliwauza? Au ulikuwa kijana tu, ukaandika majina ya wenzako asije akasahauliwa mtu, polisi wakaikuta karatasi mfukoni mwa koti uliloliacha nyuma? Nikisema aliyewauza wenzake hawezi kuutazama uzi ule kila siku, moyo unanijibu kwamba huenda ndiye hasa angeutazama. Sijui, na nina hasira nawe kwa kutuacha tujivunie. Nimerithi woga wako nikauita busara. Mpaka leo hata anayeniletea chakula mlangoni simpi jina, namwambia mimi Mama, basi. Miaka yote nilidhani huwaamini watu. Kumbe hukuuamini mkono wako mwenyewe.

Kaka anataka tuufungie msahafu kabatini. Anasema marehemu havuliwi nguo. Lakini na wale saba ni marehemu, na mjukuu wao amesafiri kuja kuuliza. Kesho nitamfunulia jalada aone. Picha yako huenda isitundikwe, na mimi nitalia, maana bado nakupenda.

Uzi nilikuwa nimeuhifadhi tangu tulipokuzika. Nitampa aende nao kwao. Nguo zao zimekaa dukani mno.

Mungu akurehemu, na awarehemu wao kwanza.

Mimi mjukuu wako,
wa mwisho uliyemwandika jina.