Saa ya Mzee Walter Haikuwa Chafu

Jumanne, 6 Mei

Shule. Treni imechelewa tena, nimefika nyumbani Penrith, nje ya Sydney, nina njaa. Nimepika wali, nimemchemshia Neema yai. Halafu kwa jirani.

Mzee Walter haongei sana. Mimi siongei kabisa. Ndiyo maana tunapatana. Leo kaniazima saa yake ya mkono mpaka Jumamosi, nikaionyeshe darasani, somo la ufundi.

Aliitengeneza mwenyewe kwao Uingereza, akiwa kijana. Si kuunganisha tu. Skrubu alizichonga. Mishale aliikata kwa tupa, akaipasha juu ya moto mdogo mpaka chuma kikawa buluu. Kasha ni la madini ya fedha. Alilisugua kwa jiwe na maji, upande mmoja tu, mpaka likajaa mistari myembamba kuliko nywele. Haling'ai. Ukiliinamisha dirishani, mwanga unatembea juu yake polepole.

Alitengeneza chache. Kabaki na hii. Sasa mikono inamtetemeka, hata chai inamwagika. Hatatengeneza nyingine.

Naandika Kiswahili kwa sababu mdogo wangu Neema anakisikia ila hawezi kukisoma. Shajara yangu ya Kiingereza aliisoma yote.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeongea darasani. Mimi. Nikawaambia watazame mistari, wakatazama. Yule kijana anayeniita Bubu aliomba kuishika. Nimemkatalia. Raha.

Nimeifunga kwenye kitambaa, iko kabatini jikoni. Kesho nairudisha.

Jumamosi, 10 Mei

Namchukia Mama. Nimeandika. Sifuti.

Nimeamka, saa iko mezani inang'aa kama kijiko. Kaisugua kwa dawa ya meno, kuzunguka, kuzunguka, hadi kwenye pembe. Mistari hakuna. Najiona uso. Na yeye anatabasamu, anangoja asante.

"Kitu cha mtu hakirudi kichafu, Aline. Angesema sisi ni watu gani?"

"Haikuwa chafu."

"Ilikuwa na mikwaruzo kila mahali. Nikajua ni wewe. Nimekufichia aibu."

Nikamfokea kwa Kiingereza, haraka haraka, asishike yote. Alishika ya kutosha.

Najua alikolitoa hilo. Kule kambi ya wakimbizi, kabla hatujaja Australia, sufuria ya jirani ilirudi imesuguliwa kwa majivu mpaka inameta, na ndani yake kitu, hata kama ni viazi vitamu viwili. Nimelelewa hivyo. Bado namchukia.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Mama. Kadi imebaki kwenye begi.

Kanisani kawasimulia wenzake kama kichekesho. "Mama Aline, huyo mzungu akupe kazi basi!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilitaka kupindua viti. Nikasimama kimya. Bubu kweli.

Baada ya ibada akajaza maandazi kwenye bakuli lake la buluu, akanivuta kwa Mzee Walter nikatafsiri. Benki mimi. Daktari mimi. Sasa hata kosa lake nilibebe mdomoni mwangu.

"Mwambie nilikuwa namheshimu."

Nikampa saa, nikamwambia. Nikamweleza na habari za sufuria na majivu, kwamba kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu wala hakirudi kitupu. Sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo. Hakunitazama. Aliiinamisha saa dirishani. Mwanga haukutembea. Ulimpiga machoni tu. Akailaza kifudifudi mezani.

"Nendeni nyumbani."

Mama akaniuliza amesemaje. Mwenyewe alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni.

Jumatano, 14 Mei

Pazia la Mzee Walter limefungwa. Nimebisha. Hakufungua. Hata yeye nina hasira naye. Alitaka tupige magoti?

Mama anaosha vyombo kwa kelele, kila sahani kama imemkosea.

Nimekaa na hili siku nzima kwenye treni: saa ililala humu ndani tangu Jumanne na sikumwonyesha Mama mistari hata mara moja. Nilimwonyesha hadi yule anayeniita Bubu. Mama aliuliza, "Hiyo nini?" Nikajibu, "Ya shule." Basi. Nilidhani hataelewa.

Nimejikasirikia.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi Mzee Walter alikuwa mlangoni kwetu na bakuli la buluu. Limeoshwa. Halikuwa tupu. Ndani, kipande cha fedha kama nusu ya kadi ya treni, na jiwe la kijivu.

"Anzeni na hicho," alisema. "Saa inabaki kwangu mpaka mistari yenu inyooke, ndipo mtairudishia yake. Mikono yangu haiwezi tena." Hakutabasamu. Akaenda zake.

Nikamtafsiria Mama. Akafuta meza, akaleta maji.

Alianza kwa kuzungusha. Nikamshika mkono.

"Upande mmoja tu, Mama. Kutoka kwako kwenda dirishani."

Akasugua. Akachovya jiwe, akasugua. Neema alikuja kuuliza chakula, akaona nyuso zetu, akarudi. Baadaye Mama akakiinua kile kipande, akakiinamisha dirishani bila kuambiwa. Akakitazama muda mrefu.

"Kumbe," akasema.

Nikakigeuza, nikachukua upande wa pili. Mistari yake imenyooka kuliko yangu. Nimeudhika. Nimechovya jiwe, nimeanza upya.