Breki za Butiama

Shemeji Magesa,

Za huko Suguti? Mwenzio nimepanda kilima cha Butiama kwa baiskeli, sikushuka hata mara moja. Haya, ni uongo. Nilipanda kwa miguu, baiskeli aliisukuma mkwe wangu, huyu mwenye gari la kulala linalotutembeza. Ila kuteremka niliteremka mwenyewe! Baiskeli yangu ya nyumbani nasimamishaga kwa kurudisha pedeli nyuma. Hii ya milimani ukirudisha, pedeli zinazunguka tu kama feni. Nikaingia moja kwa moja kwenye muhogo wa mama mmoja, kauanika juu ya jiwe.

“Mzee, hiyo kofia ngumu inalinda nini humo ndani?” akaniuliza. “Okota!”

Nikaokota wote, ndipo akanipa ugali na sato.

Wiki ijayo tunaenda milima ya Bunda. Lakini dada yako alinikataza baiskeli. Akijua, ataniita nyumbani nikakae naye. Na kadi hii haina bahasha. Ulipoangushwa na punda mbele ya wakwe zako, mimi nilinyamaza mpaka leo. Ubaki mzima shemeji yangu, na ukimaliza kusoma, iwashie moto wa chai.

Shemeji yako Mugeta