Pikapu Iliyolala Ihanda

Jumatatu, 3 Juni

Sketi saba za sare zimekwisha. Bado kumi na moja. Yule bamayo, mama wa upande wa Zambia, amekuja kuchukua chitenge chake, amesema mshono umemkaa. Baridi kali. Vidole vimekufa ganzi, uzi unakatika ovyo.

Nimefunga kibanda cha ushonaji, nimefika nyumbani saa kumi na moja. Mume wangu, Baba Neema, palepale, mbele ya televisheni. Kipindi chake cha Wazungu wanaofufua magari. Wanalitoa gari kwenye jaa la vyuma, majani yameota mpaka kwenye viti, na ndani ya saa moja linanguruma. Wanakumbatiana. Kesho wanaleta lingine.

Hivyo tangu Novemba, tangu jeki ilipoteleza na lori likamkalia kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa umeunga. Vidole vitatu havikunji. Miaka ishirini na miwili fundi wa malori hapa Tunduma, sasa hawezi kushika spana.

Hakuniuliza siku yangu ilikwendaje. Na mimi sikumwambia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimesema neno baya. Maji hayajachotwa, mkaa umeisha, nikamkuta anatazama. Nikamwambia, "Unakaa kuangalia maiti za magari ya watu, na wewe mwenyewe umejizika."

Akatoka nje, akasimama kando ya ukuta mpaka jua likazama.

Nilitaka anijibu. Ugomvi ungekuwa ni kitu. Huu ukimya si kitu.

Namchukia. Hapana. Nimechoka. Hilo ndilo neno lenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeomba radhi. Amesema, "Yameisha, Mama Neema." Hayajaisha, ila tumekubaliana kusema hivyo.

Nimekaa naye kutazama, mara ya kwanza toka mwanzo mpaka mwisho. Wale watu wanaongea Kiingereza cha haraka, siambulii neno. Yeye pia haambulii. Lakini hasikilizi watu, anasikiliza injini. Kabla fundi wa kwenye kioo hajagusa kitu, yeye alishasema, "Kabureta hiyo." Ikawa kabureta. Baadaye kidogo: "Haipati moto. Aangalie pointi." Yule bwana akaangalia pointi, vile vichuma viwili vya kutoa cheche.

Miezi yote hii nilidhani mume wangu hana kazi. Kumbe kila jioni yuko kazini na hakuna aliyejua.

Na mimi, niseme ukweli wangu hapa, nimekipenda. Gari limekufa, panya wamezaa ndani, dunia nzima imelipita. Mtu mmoja anasimama, anainama, anasema hili bado. Ule mngurumo wa mwishoni ni mzuri. Lakini pale anapoinama ndipo niliposogeza kiti karibu na kioo.

Jumapili, 9 Juni

Kaka Ezekia amepiga simu kutoka kijijini kwetu Ihanda. Wanunuzi wa vyuma chakavu watapita kwao tarehe 29, Jumamosi. Anataka wabebe pikapu ya marehemu Baba. Miaka tisa iko nyuma ya nyumba ya Mama, kati ya migomba na mikahawa. Baba aliibebea kahawa mpaka Mlowo. Alibebea wajawazito usiku wa mvua. Alibebea majeneza. Mimi niliolewa nikitolewa pale ndani yake, nimekaa mbele na gauni limejaa vumbi.

Ezekia anasema Mama anatunza kutu. Mama akamnyang'anya simu. Akaniambia kwa Kinyiha, na kwa Kiswahili maneno yale hayana makali yake, kwamba wote wanasema imekufa, lakini nani aliyewahi kuipima?

Nilipokata simu nikamwambia Baba Neema, twende ukaitazame.

"Fundi gani hana mkono?"

Nikamwambia mimi ninayo miwili.

Akazima televisheni. Akaingia chumbani. Saa moja haijafika.

Jumanne, 11 Juni

Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Sketi zimekwisha, nimeanza mashati.

Ijumaa, 14 Juni

Nimerudi nimekuta boksi la spana sebuleni. Limefutwa vumbi. Spana zimepangwa kwa ukubwa, na kwa mkono wa kushoto hiyo si kazi ndogo.

Nimechemsha mayai ya njiani.

Jumamosi, 15 Juni

Ihanda. Tumeshuka njia panda, tukapanda bodaboda mbili. Mama ametusalimia kwa mbali, humwonea mkwewe haya mpaka leo. Chai yake ilipitia kwangu.

Baba Neema aliizunguka pikapu mara tatu bila kugusa. Matairi yamekwisha. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Tukafungua boneti, mgomba umepenyeza chipukizi pembeni ya betri. Nikaona aibu, kama vile nimemleta mgeni kwenye nyumba chafu.

Akaniambia nivae ovaroli yake. Nimekunja mikono na miguu mara nne. Kisha akaanza kuniagiza spana: "Kumi na saba. Siyo hiyo, iliyo pembeni. Polepole. Usivute kwa bega, vuta kwa mwili."

Miaka ishirini na minne ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza kujua namna anavyoongea kazini. Ni mkali. Hapotezi neno. Nilimpenda na nilitamani kumpiga na spana.

Injini imeshika. Haigeuki hata kidogo. Tumetoa plagi tatu, ya nne imegoma. Tumemimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu yale matatu. Sasa ni kusubiri wiki nzima mafuta yapenye.

Kwenye televisheni bolti inagoma, tangazo la sabuni linapita, bolti imetoka. Ihanda hakuna matangazo.

Jumatano, 19 Juni

Mteja ameniuliza kwa nini kucha zangu nyeusi. Nikamwambia. Amecheka mpaka akakaa chini. Nikacheka naye.

Nyumbani Baba Neema anafinya mpira wa soksi kwa mkono ule mbovu. Daktari alimwelekeza tangu Februari. Leo ndiyo naona.

Jumamosi, 22 Juni

Siku mbaya. Niandike yote.

Plagi ya nne. Akaniambia, "Ikikataa, acha." Ilikataa. Sikuacha. Nilitaka aone kwamba naweza. Ikakatika. Kichwa kikabaki kwenye spana, shina lake lenye nyuzi likabaki ndani ya injini.

Alinifokea. Kwamba sisikii. Kwamba hiyo silinda hedi haipatikani tena Tunduma wala Mbeya wala popote. Mama alisikia jikoni akafunga mlango. Ezekia naye alikuwa amekuja, amesimama na mikono mfukoni. Akasema, "Si niliwaambia? Mnajichosha bure."

Nikaenda kwenye mikahawa nikalia. Si kwa kufokewa. Niliona nimeua kitu cha Baba kwa mikono yangu, na nimemuua mume wangu mara ya pili.

Niliporudi, Ezekia ameshaondoka. Baba Neema ameketi kwenye jiwe, ana tupa ya zamani ya pembetatu, anainoa ncha kwenye sakafu ya kibaraza kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Hata mimi nilishawahi kukata mbili kwa siku moja. Njoo."

Tumegonga ile tupa ndani ya kipande kilichobaki mpaka ikauma. Nikashika spana. Akaweka mkono wake mbovu juu ya wangu. Siyo kwa nguvu, hana nguvu. Ili asikie. Tulisukuma kidogo, tukarudisha kidogo. Dizeli. Kidogo tena. Kama ninavyofumua mshono bila kuchana kitambaa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Basi fumua."

Saa nzima na zaidi. Kipande kikatoka kizima.

Kisha akaniambia niweke spana ndefu kwenye puli ya mbele, lile gurudumu la mkanda, nisukume. Nimesukuma. Hakuna. Nimesukuma tena. Nikahisi kitu kimeachia, upana wa ukucha. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amefumba macho.

"Imegeuka," akasema.

Jumanne, 25 Juni

Nimempigia Ezekia, nimemwomba awaambie wale wa vyuma chakavu wasije. Amesema ameshatoa neno, na siku moja zaidi haitabadili chuma kuwa gari. Hana roho mbaya kaka yangu. Yeye ndiye aliyekaa Ihanda miaka yote hii, akaitazama ikioza kila asubuhi. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Baba Neema amenunua pointi na plagi mpya kwa fundi mwenzake wa zamani. Alikwenda mwenyewe gereji. Tangu ajali alikuwa hajakanyaga kule. Amerudi hana maneno mengi, lakini amekula sahani mbili.

Naogopa Jumamosi. Ikikataa, atarudi kwenye kiti chake na safari hii hatanyanyuka.

Jumamosi, 29 Juni

Tulifika saa mbili asubuhi, tukakuta Ezekia ameegesha lori lake la mizigo uani. Wanunuzi wa vyuma saa nne. Watu watatu, lori, minyororo. Wakakaa kwenye tuta la mgomba wakisubiri tumalize mchezo wetu. Mmoja akaniita "fundi" kwa kejeli. Nikamwitikia.

Nimesafisha kabureta, nimefunga pointi mpya. Baba Neema amepima uwazi wake kwa ukucha wa kidole gumba. Petroli ipo kwenye chupa ya maji iliyofungwa juu ya boneti, mpira umeingia kwenye kabureta, maana tangi limejaa kutu. Tukaunga betri ya kuazima. Nikaingia, nikazungusha ufunguo.

Tk. Basi.

Tena. Tk. Betri imekufa. Mmoja wa wale watu akasimama akapangusa suruali, akachukua mnyororo. Sikuweza kumtazama Baba Neema. Nilitazama usukani, mahali Baba alipouchubua kwa kiganja.

Nikasikia boneti nyingine inafunguliwa. Ezekia. Ameng'oa betri ya lori lake la mizigo, akaibeba kifuani kama mtoto, akaiweka kwetu. Akafunga waya mwenyewe. Akamwuliza Baba Neema, "Shemeji, nikae wapi?"

"Kaa pale kwenye distributa, zinapotoka waya za plagi. Nikisema kushoto, zungusha upana wa uzi. Siyo zaidi."

Nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, hapana. "Kushoto." Ikazunguka. Ikakohoa mara moja. "Tena kushoto. Acha! Hapo hapo." Akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia injini. Hata wale wa minyororo wakasogea karibu.

Ikakohoa. Ikapiga mshindo. Kiota cha panya kikaruka kutoka kwenye ekzosi, kuku wakatawanyika, moshi mweusi ukafunika migomba yote. Na ikanguruma. Mbaya, inakwama kwama, kama mzee anayeamshwa. Lakini inanguruma.

Mama alitoka jikoni na mwiko. Akasahau haya zake zote. Alikwenda moja kwa moja kwa mkwewe, akashika ule mkono mbovu kwa mikono yake miwili, akaubusu. Ezekia analia na kusingizia moshi. Mimi sikutoka kwenye kiti. Niliogopa nikitoka itazima.

Yule aliyeniita fundi akaja dirishani. Akauliza, safari hii bila kejeli, kama tunaweza kusikiliza lori lao, linapiga kelele likipanda mlima. Baba Neema akamwambia aliwashe. Akasikiliza kidogo. Akamwambia tatizo ni nini.

Wameondoka na lori tupu.

Jumanne, 2 Julai

Mwili wote unauma. Pikapu haina breki, haina matairi, haina kibali cha barabara. Ezekia amesema matairi ni juu yake. Itatembea shambani kwanza, kubeba kahawa mpaka nyumbani tu. Inatosha.

Ijumaa, 12 Julai

Baba Neema hayupo. Amekwenda Mlowo tangu asubuhi. Kuna mama mwenye mashine ya kusaga, injini yake inakosa nguvu, mafundi wawili wameshindwa. Mwendeshaji wake atafungua bolti, Baba Neema atasikiliza na kusema. Ezekia ndiye aliyepeleka jina lake.

Nimefunga kibanda mapema. Nyumba tupu. Tangu Novemba sijawahi kuwa peke yangu humu ndani. Nikapika ndizi kidogo, nikala nimesimama mlangoni. Upepo wa Julai. Malori yamejipanga hadi karibu na mpaka wa Zambia, madereva wanaota moto wa makaratasi.

Amerudi saa kumi na mbili. Amesema ilikuwa nozo, ile inayonyunyiza dizeli kwenye injini. Amesema wamempa na unga, kilo tano, ameubeba begani. Suruali imejaa grisi magotini, kama zamani.

Nimeiloweka.